Kibati Chini ya Sufuria la Pilau

Ijumaa ya nikahi yake, saa mbili na nusu asubuhi, Ummulkheir Othman alikuwa amekaa mkekani chumbani kwao Msambweni, mikono ameinyoosha mbele, vidole amevitanua, piko mbichi, ile rangi nyeusi ya maharusi, ikimng'aa kutoka kuchani hadi kiwikoni. Alikuwa amekatazwa kugusa kitu mpaka piko ikauke. Alikuwa amekatazwa kutoka nje, kuchungulia dirishani, na kucheka kwa sauti. Hayo mengine aliyaweza. La kucheka lilikuwa limemshinda tangu alfajiri.

Watu wa nyumbani walidhani ni furaha ya harusi, na nusu yake ilikuwa kweli. Alimpenda Tofiki, na Tofiki alikuwa yuko Shimoni kwao, anapigiwa pasi kanzu. Lakini nusu ya pili ilikuwa kibati cha chuma, kipana kama kiganja, kilichopakwa rangi ya kahawia na kutiwa maji ya bahari. Siku hiyo kibati kilikuwa kinatimiza siku thelathini, na kilihitaji kupimwa.

Mwenye zamu ya kumlinda bi harusi alikuwa somo wake, Bi Mwanarusi, mwanamke wa miaka sitini na mitatu, mrefu, mwenye sauti ya kutosha kusimamisha lori. Yeye ndiye aliyemfunda Ummulkheir tangu alipovunja ungo, na wiki nzima hiyo alikuwa amelala mlangoni pa chumba kama komeo.

"Somo," alisema Ummulkheir, "niachie nusu saa tu. Chuoni ni hapo, mtu hata chai haijampoa. Nitavaa buibui, nitafunika uso."

"Mwari hatoki."

"Nitapita uani."

"Mwari hatoki uani, hatoki barazani, hatoki kwa bomba wala kwa dari. Tena inua mkono huo, unajifuta piko."

Ummulkheir akainua mkono, akaanza kucheka tena, na safari hii machozi yakamtoka. Mashine ya kupimia ilikuwa ya kuazima. Chuo kikuu Mombasa kiliwapa kwa miezi mitatu, na saa sita mchana huo huo dereva angeirudisha, kwa sababu kulikuwa na wengine wanaoingoja. Kila kitu kilikuwa kimepangwa vizuri: kibati kitimize siku zake, mashine irudi, kisha harusi wiki mbili baadaye. Ndipo meli anayofanyia kazi Tofiki ikabadilisha ratiba. Tofiki alikuwa fundi wa umeme melini. Likizo yake ikasogezwa ije mapema, na harusi ikasogezwa nayo. Kibati hakikusogezeka.

Yafaa niseme rangi yenyewe ilikotoka, maana Bi Mwanarusi, ambaye sasa alikuwa amekaa mlangoni kwa inda, ndiye aliyeileta bila kujua.

Zamani Bi Mwanarusi alikuwa akibangua korosho. Maganda ya korosho yana mafuta makali yanayounguza ngozi, na yaliacha weusi vidoleni mwake usiotoka kwa miezi. Ummulkheir alipokuwa msichana wa miaka kumi na minne, amekaa mbele yake akifundwa mambo ya utu uzima, macho yake yalikuwa kwenye vile vidole, si kwenye mafunzo.

"Somo, mbona haitoki?"

"Nimesugua kwa jivu, nimesugua kwa ndimu, nimesugua kwa mchanga. Hii hutoka ikitaka yenyewe. Sasa nisikilize nisemacho."

Hakusikiliza. Miaka kumi na mitatu baadaye, akiwa mwalimu wa kemia katika chuo cha ufundi na mwanafunzi wa shahada ya pili, Ummulkheir aliomba magunia mawili ya maganda ya korosho, akayakamua mafuta, akayapika, akachanganya na dawa ya kuyagandisha, akapaka vibati vya chuma. Nia yake ilikuwa chanja za chuma za akina mama wa Kibuyuni, wanazoanikia mwani. Chanja zilikuwa zinaoza kwa kutu, na kutu ikidondokea mwani, mwani unakataliwa. Kama mafuta yale hayatoki mkononi mwa mtu anayenawa mara tano kwa siku, aliwaza, yatatokaje kwenye chuma?

Lakini kuwaza si kupima. Kutu haianzi pale jicho linapoiona. Huanza chini ya rangi, kwa tundu dogo kuliko ncha ya sindano, maji ya chumvi yanapopenya na kukifikia chuma kimyakimya. Siku mtu anapoona rangi imefura, kazi imeshaharibika zamani. Ile mashine haikungoja macho. Ilituma umeme mdogo sana, ambao hata chungu asingeshtuka, ukaenda na kurudi ndani ya maji ya bahari yaliyokaa juu ya rangi, ukiuliza: napita? Rangi nzima hukataa. Kukataa huko kuna kipimo, huitwa omu. Omu zikiwa nyingi, rangi ingali imara. Zikishuka, maji yameshaingia.

Walimu wake walimwekea mpaka: omu milioni mia moja siku ya thelathini. Chini ya hapo rangi ni pambo. Juu ya hapo ni kinga. Jumatatu, kabla hajawekwa ndani, alikuwa amepima vibati viwili vya kulinganishia vilivyotangulia kutimiza siku zao. Rangi ya kawaida ya mabati ilikuwa imeanguka hadi laki mbili. Rangi ya meli kutoka ng'ambo ilisimama kwenye milioni mia tisa. Cha korosho kilichelewa kukauka, kwa hiyo siku yake ikaangukia Ijumaa.

"Somo," alisema sasa, akijifuta machozi kwa bega, "kama mimi sitoki, mashine inaweza kuja hapa?"

Bi Mwanarusi akafikiri. Katika mafunzo yote aliyopokea kwa mamake na mamake kwa bibi yake, hakuna palipokatazwa mashine kuingia kwa mwari.

"Mashine ni ya kike au ya kiume?" aliuliza.

Ummulkheir akaanguka ubavu kwa kicheko, mikono juu.

Saa tatu kamili gari la chuo kikuu likasimama nje. Dereva, Karisa, mtu mpole wa makamo, alikuwa amepitia chuoni kama alivyoombwa kwa simu, akachukua mashine, kompyuta, na kisanduku chenye kibati. Juu ya kibati kulikuwa kumegandishwa kikombe cha kioo kisicho na kitako, na ndani yake maji ya bahari ya Msambweni. Karisa alikuwa ameendesha kilomita mbili nzima kwa mwendo wa konokono, kikombe amekipakata mapajani.

"Hodi wenyewe! Maji hayakumwagika hata tone," alisema akiwa barazani, kwa fahari.

Bi Mwanarusi akampokea mizigo mlangoni, akampa mahamri na mbaazi, akamkalisha barazani mgongo kwa dirisha. Kisha akafunga mlango, akakunja mikono ya dera.

"Haya. Niambie niguse wapi."

"Wewe, Somo?"

"Wewe mikono huna, umeitia piko. Mimi ninayo. Sema."

Basi Ummulkheir akasema. Kulikuwa na nyaya tatu zenye vibanio. Mwekundu ubane kijiti cha makaa kinachoning'inia majini. Mweupe ubane kijiti cha fedha pembeni yake. Wa kijani ubane kibati chenyewe. Bi Mwanarusi alifanya kazi polepole, ulimi nje, vidole vyake vikubwa vikitulia kuliko vya mwanafunzi yeyote aliyewahi kuingia maabara ile. Kisha akabonyeza mahali alipoambiwa abonyeze, na wote wawili wakainama mbele ya kompyuta.

Baada ya dakika tano za kipimo cha haraka, namba ikatokea.

Ummulkheir aliisoma. Akaisoma tena. Akahesabu sifuri kwa kidevu, maana vidole vilikuwa na piko.

"Trilioni," alinong'ona. "Somo. Trilioni moja."

"Ni nyingi?"

"Nilihitaji milioni mia!"

Akaruka kutoka mkekani. Akaruka tena. Akapiga ukelele ambao mwari yeyote aliyefundwa vizuri hapaswi kuwa nao. Bi Mwanarusi hakujua omu ni nini, lakini alimjua mwari wake. Akaweka ulimi sawa, akapiga vigelegele vitatu virefu vilivyotoka chumbani, vikapita ukumbini, vikafika uani.

Uani kulikuwa na wanawake arubaini wanachambua mchele na kumenya vitunguu. Kigelegele cha somo kutoka chumba cha mwari siku ya nikahi kina maana yake. Wakaitikia wote kwa pamoja. Mwenye spika akaongeza sauti ya muziki hadi mwisho. Mtu akasema bwana harusi ameshafika. Mwingine akasema ameshafika na watu mia. Habari ikamfikia mpishi, Abdurahman wa Tiwi, aliyesifiwa tangu Ukunda hadi Vanga kwamba pilau lake halijawahi kuchelewa hata kwa dakika moja.

"Saa tatu na nusu!" alilia Abdurahman. "Watu waliambiwa baada ya swala ya Ijumaa! Nyama yenyewe haijalainika!" Akaita wasaidizi wanne, wakaanza kuliviringisha sufuria kubwa kuliko yote kuelekea mekoni.

Chumbani Ummulkheir alikuwa hajui lolote la uani. "Nishikie simu, Somo. Nimtumie Tofiki sauti."

"Kabla ya nikahi? Hapana. Mwari hazungumzi na mume."

"Sizungumzi naye. Nampa taarifa."

Bi Mwanarusi akakunja uso, akashika simu mbali kama samaki aliyelala. Ummulkheir akapaza sauti: "Tofiki! Trilioni! Trilioni moja siku ya thelathini! Imeishinda rangi ya meli yenu mara elfu!"

Jibu likaja kabla simu haijawekwa chini. Sauti ya Tofiki ilikuwa tulivu, na nyuma yake kulisikika pasi ya mvuke na wajomba wakibishana juu ya kofia.

"Ummu, hongera, lakini hebu ngoja. Hakuna rangi ya trilioni. Hewa ndiyo trilioni. Mashine yako inapima hewa. Kuna waya umeachia mahali. Anza na ule wa kijani."

Ummulkheir aliangalia waya wa kijani. Kibanio kilikuwa kimeshika kibati imara, hakikuachia hata kidogo. Alikuwa anafungua kinywa kumtetea Somo, ndipo akaona. Ukingoni mwa kibati kulikuwa na sehemu ndogo aliyoikwangua makusudi hadi chuma cheupe, ili waya ushike hapo. Bi Mwanarusi alikuwa amebana upande wa pili, juu ya rangi.

"Somo, umebana juu ya rangi. Umeme haukufika kwenye chuma."

"Kwa nini haukufika?"

"Kwa sababu rangi imeuzuia."

"Basi si ndiyo sifa yake?" alisema Bi Mwanarusi. "Tangu asubuhi wataka rangi izuie umeme. Imezuia. Sasa wanilaumu nini?"

Ummulkheir alijaribu kukasirika. Alikuwa na kila sababu: trilioni imekufa, muda unayoyoma, na bwana harusi amemsahihisha kazi yake akiwa Shimoni, anavikwa kofia. Lakini kila alipokunja uso, uso ulikunjuka wenyewe. Alimwona Tofiki, fundi wa nyaya, akisikia neno moja tu na kujua waya gani. Moyo ukamruka kuliko ulivyoruka kwa trilioni.

"Bana kwenye chuma, Somo," alisema huku akicheka. "Hapo ukingoni nilipokwangua."

Wakaanza upya, na safari hii mstari kwenye kompyuta haukutulia. Vidoto ambavyo vingepaswa kupangana kama shanga vilirukaruka juu na chini kama mchele kwenye ungo. Rangi nzuri hupitisha umeme mdogo mno, na umeme mdogo hivyo huvurugwa na chochote. Uani kulikuwa na spika mbili, mafeni sita, friji ya kukodi, na wanawake arubaini wenye simu wakijipiga video kumpokea bwana harusi ambaye hakuwepo.

"Ukimya hautasaidia," alisema Ummulkheir. "Si sauti, ni umeme wa hewani. Kuna sanduku la chuma la kufunikia kibati. Karisa!"

"Naam, dada!" Karisa aliitika kutoka barazani.

"Umeleta sanduku la bati, lile kubwa?"

"Uliniambia mashine, kompyuta na kisanduku. Kisanduku nilileta."

Kweli, hakuwa amemwambia. Ilikuwa saa tatu na dakika hamsini, na chuoni pameshafungwa kwa ajili ya Ijumaa. Ummulkheir akatazama chumbani: kabati la mbao, kitanda cha mbao, mito. Kanga. Manukato. Hakuna chuma.

"Lazima liwe sanduku?" aliuliza Bi Mwanarusi.

"Chochote cha madini kinachoweza kukifunika chote, juu na chini."

Bi Mwanarusi akasimama, akafungua mlango, akatoka. Baada ya kitambo sauti yake ikasikika mekoni, kisha ya Abdurahman, kisha zote mbili kwa pamoja, na muziki ukazimwa ili watu wasikie vizuri.

"Bi Mwanarusi, shikamoo, nakuheshimu kama mamangu, lakini hili ni sufuria la pilau!"

"Marahaba. Nalijua."

"Wageni wameshafika!"

"Hakuna aliyefika."

"Vigelegele vilikuwa vya nini?"

"Vya hesabu."

Abdurahman akafuata nyuma ya sufuria lake, wasaidizi wanne wakilibeba, hadi mlango wa ukumbi, ambapo Bi Mwanarusi na wanawake watatu wakalipokea na kulisukuma ndani kwa shida, maana lilikuwa pana kuliko mlango na ilibidi lilazwe ubavu. Chini wakatandika sinia kubwa la kuandalia. Juu ya sinia wakaweka kibati na kikombe chake. Juu ya vyote wakapindua sufuria, nyaya zikitokeza kwa upenyo mdogo ukingoni. Waya wa nne wa mashine, mweusi, ambao mwanzo haukuhitajika, ukabanwa kwenye mshikio. Masizi yakaanguka kwenye mkeka mpya wa harusi, na hakuna aliyejali.

Abdurahman, ambaye hakuruhusiwa kumwona mwari, alikuja kusimama nje ya dirisha lenye pazia, mwiko mkononi kama bakora.

"Bi harusi, dakika ngapi?"

"Nusu saa, kaka Abdurahman."

"Nusu saa! Unaniua! Saa nne na nusu mchele usipoingia, mimi jina langu basi!"

"Utaupata. Wallahi utaupata."

Bi Mwanarusi akabonyeza.

Kidoto cha kwanza kikatokea, kikatulia. Cha pili kikakaa pembeni yake. Cha tatu, cha nne. Vilipangika kwa adabu, kimoja baada ya kingine, vikipanda mlima polepole kutoka kulia kwenda kushoto. Mwanzoni vilikuja harakaharaka, lakini kadiri kipimo kilivyoendelea, kila kidoto kilihitaji muda zaidi kuliko kilichotangulia; umeme ulikwenda na kurudi kwa mwendo wa mtu mzee apandaye ngazi. Vile vya mwisho vilichukua dakika mbilimbili.

"Dakika ngapi?" ikauliza sauti ya dirishani.

"Ishirini."

"Bi harusi, mimi nimepikia maharusi mia mbili. Hakuna aliyewahi kuninyang'anya sufuria."

"Ndiyo maana hutanisahau," alijibu Ummulkheir, na nje wanawake waliokuwa wamekusanyika kusikiliza wakaangua kicheko.

Wanawake wale hawakurudi kwenye vitunguu. Mamake Ummulkheir alikuja, akatazama sufuria katikati ya chumba cha binti yake, akamtazama Bi Mwanarusi, akaona kwamba maswali yatakuwa marefu kuliko majibu, akakaa chini naye. Karisa barazani alikuwa anamweleza mpishi kipimo kinavyokwenda, ingawa mwenyewe alikijua kwa kuendesha tu. "Ni kama kumpima mtu presha," alisema. "Hutakiwi kumharakisha."

"Ngapi sasa?" aliuliza Bi Mwanarusi.

"Milioni themanini."

"Walisema mia."

"Bado vidoto vitano, Somo."

Milioni themanini ikawa mia na ishirini. Ummulkheir aliuma midomo. Mia na ishirini ikawa mia na tisini. Kule nyuma ya pazia mtu alinong'ona "mia na tisini" na neno likapita kutoka kinywa hadi kinywa, uani, jikoni, mpaka kwa wazee waliokuwa wamekaa chini ya turubai wakijiuliza ni watoto mia na tisini wa nani. Mia mbili sabini. Mia tatu arubaini. Kidoto cha mwisho kilikataa kuja. Dakika moja. Dakika ya pili. Abdurahman aligonga dirisha kwa mwiko, wanawake wakamwambia nyamaza.

Kikatokea.

"Milioni mia nne na kumi," alisema Ummulkheir, na sauti yake ikapasuka katikati.

Hakuruka safari hii. Alikaa, macho kwenye mstari ule mzuri usio na mtikisiko, akausoma kuanzia mwanzo hadi mwisho, akitafuta kosa. Waya wa kijani ulikuwa kwenye chuma. Mwekundu na mweupe zilikuwa majini. Kilichokuwa mbele yake hakikuwa hewa wala ndoto. Rangi ya meli ilikuwa bado juu yake, mara mbili na zaidi, na hilo ni sawa. Rangi ya meli imetengenezwa na watu elfu kwa miaka hamsini. Yake ilikuwa imetoka kwenye magunia mawili ya maganda yaliyokuwa yatupwe.

"Mia nne ni nzuri?" aliuliza Bi Mwanarusi kwa woga kidogo. "Maana ile ya kwanza ilikuwa trilioni."

"Somo," alisema Ummulkheir, "hii ni ya kweli."

Kisha akamkumbatia, piko na yote. Na piko ilikuwa bado haijakauka vizuri kwenye kiganja cha kulia, kwa hiyo hadi leo dera lile la njano la Bi Mwanarusi lina ua jeusi mgongoni, naye huvaa dera hilo hilo kila aendako na kugeuka makusudi ili aulizwe.

Vigelegele vikapasuka tena. Sufuria likatolewa ubavu kwa ubavu, Abdurahman akilipokea kama mtoto aliyetekwa. Lilikuwa kwenye moto saa nne na dakika thelathini na moja, na ile dakika moja anaikana mpaka kesho. Karisa akapakia mashine, akaaga, akazuiwa, akaambiwa hakuna mtu anayeondoka nyumba ya harusi bila kula. Saa sita ikapita akiwa chini ya turubai mbele ya sinia la matunda. Alipiga simu Mombasa kusema kwamba mashine ingechelewa kidogo kwa sababu za kitaalamu.

Baada ya swala ya Ijumaa wakaja kweli watu wa Shimoni na Vanga, kwa kasida na ngoma za matwari. Babake Ummulkheir aliingia chumbani na mashahidi wawili kumwuliza binti yake kama ameridhia. Mwari anatakiwa ainamishe kichwa, anyamaze, aulizwe mara ya pili, anyamaze, na mara ya tatu aitikie kwa sauti ndogo.

"Ummulkheir binti Othman, umeridhia nikuoze kwa Tofiki..."

"Naam!"

Ilitoka kabla jina halijaisha, na ilitoka kubwa. Shahidi mmoja akakohoa kuficha kicheko. Mwingine hakuficha. Bi Mwanarusi akajifunika uso kwa mtandio, mabega yakamtikisika, na mwenyewe alidai baadaye kwamba alikuwa analia.

Tofiki aliingia saa tisa kasorobo. Alikuwa mwembamba kuliko kanzu yake na kofia ilikuwa imemkaa upande, maana wajomba hawakuafikiana hadi mwisho. Akasogea kitandani alipokaa mkewe, akaweka mkono wa kulia kwenye paji la uso wake kama alivyofundishwa, akasoma dua. Wanawake wote chumbani wakaitikia amina. Kisha, mkono bado uko pajini, akainama na kusema kwa sauti ya chini kabisa:

"Ngapi?"

"Mia nne na kumi."

"Milioni?"

"Milioni."

"Uliangalia wa kijani?"

"Nitakupiga, Tofiki."

Akacheka, akakaa pembeni yake bila kuambiwa akae. Mpiga picha aliwaomba watazame mbele. Hawakutazama mbele. Tofiki alitaka kujua mstari ulikuwa na umbo gani, kama ulipinda mwishoni au ulinyooka, na Ummulkheir akawa anamchorea kwa kidole kwenye goti la kanzu nyeupe, kwanza upande wa kushoto unaoshuka, halafu pale unapopinda. Mpiga picha akapiga hivyo hivyo. Nje, walikuwa wanaita kwamba chakula kimeandaliwa na maharusi wanangojwa.

"Na ukiikwaruza?" aliuliza Tofiki. "Chuma cha melini hakikai bila kukwaruzwa. Ukiikwaruza kwa msumari, halafu uitie majini, itasimama siku ngapi?"

Ummulkheir akaacha kuchora.

"Sijui," alisema. "Msumari unao?"